Goti la Mwenyeji

Wiki hii yote, hapa Iowa City, watu wanajadili goti la kijana ambaye hawajawahi kusalimiana naye. Kijana mwenyewe yuko Minneapolis, mwendo wa saa tano hivi kwa gari kuelekea kaskazini. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha kule, na ndiye mkimbiaji tegemeo wa timu yao ya futiboli ya Kimarekani. Jumamosi iliyopita alitoka uwanjani akichechemea. Jumamosi hii timu yetu inaenda kucheza kwao. Basi kwa kinyozi, kwenye foleni ya supamaketi na kazini, swali ni lile lile: atacheza au hatacheza?

Mimi nataka kuuliza swali lililo nyuma ya hilo. Je, ni halali kutamani asicheze?

Kwa walio nyumbani Kenya, acha nieleze kidogo. Mchezo wa vyuo huku si ule tuliouzoea, ambapo wachezaji hushangiliwa na wenzao wa hosteli na mwalimu wa michezo aliyebeba chupa za maji. Uwanja wetu, Kinnick, huingiza watu wapatao 69,000, na mji mzima, kwa sensa ya 2020, una wakazi karibu 75,000. Jimbo la Iowa halina timu ya kulipwa katika ligi kubwa za Marekani, kwa hivyo mapenzi yote ya michezo yanamwagwa kwa wanafunzi. Timu yetu, Hawkeyes, iko katika Big Ten, ligi ambayo licha ya jina lake ina vyuo 18 tangu 2024. Kila chuo hucheza mechi tisa tu za ligi kwa msimu. Ukipoteza moja ya ugenini, huenda ukaikumbuka mpaka Krismasi. Ndiyo maana goti moja linaweza kunyima usingizi jimbo zima.

Tena taarifa yenyewe huchelewa. Big Ten huzitaka timu zitangaze wachezaji wasioweza kucheza, na wale walio na mashaka, saa mbili kabla ya mechi. Kabla ya hapo ni tetesi tu. Ati ameonekana na magongo. Ati hapana, alikuwa anakimbia mazoezini. Shabiki wa ugenini huishi kwa tetesi hizi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Nina jamaa yangu, Mkenya mwenzangu, tunayefanya naye zamu ya usiku. Juzi tulikuwa tunakunywa chai saa tisa usiku, akaniambia, "Buda, mimi naomba hilo goti likae hivyo hivyo mpaka Jumamosi jioni."

"Unamwombea mtoto wa wenyewe asipone?"

"Zii, si ati namtakia mabaya. Apone Jumapili asubuhi, hata arukeruke kanisani. Lakini Jumamosi akae kwa benchi na barafu yake."

Tulicheka. Kisha akaongeza, kama mtu anayefunga kesi: "Na hata nikiomba, kwani Mungu atanisikiza mimi kuhusu goti la mtu wa Minnesota? Dua la kuku halimpati mwewe."

Methali hiyo ilinichekesha zaidi kwa sababu mwewe ndiye nembo ya timu yetu. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikiirudia, kwa kuwa ndiyo utetezi wa kwanza wa kila shabiki. Hamu yangu haimgusi mtu. Mimi niko kwenye sofa, yeye yuko kwa daktari wa timu. Nikitamani apone, hataponyeka kwa ajili yangu. Nikitamani asipone, hataumia zaidi. Pasipo madhara, dhambi iko wapi?

Angalia methali inasema nini na haisemi nini. Inasema dua la kuku halimfikii mwewe. Haisemi kwamba linamwacha kuku vile alivyokuwa. Mtu anayetumia siku tano kutafuta habari za maumivu, na kufurahi kila anaposoma "leo pia hakufanya mazoezi," amefanya mazoezi yake mwenyewe kwa siku tano. Amejizoeza kuuona mwili wa mtu na kupiga hesabu ya faida kabla ya jambo lingine lolote. Jumamosi ikiisha, zoea hilo haliishi. Litarudi naye kazini Jumatatu, mwenzake atakapougua na nafasi ya cheo iwe wazi.

Utetezi wa pili ni ule wa "apone Jumapili." Hatumwombei kuumia, ameshaumia. Tunaomba tu ratiba ya kupona isogee kidogo. Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba kupumzika ni kwa faida yake mwenyewe. Hoja hii ina ukweli ndani yake: daktari mwema anaweza kweli kumwambia asicheze. Ila daktari huanza na goti. Shabiki huanza na ubao wa matokeo, kisha anarudi nyuma kutafuta sababu za kitabibu.

Na Jumamosi moja si kitu kidogo kwa kijana huyo. Msimu wa kawaida una mechi 12. Kwa mwanafunzi anayecheza misimu minne, hizo ni Jumamosi 48, akiwa na bahati ya kutoumia na kupewa nafasi. Wengi wao hawafiki ligi ya kulipwa, kwa hivyo baada ya hapo mchezo umekwisha. Mimi nitashabikia mpaka nizeeke. Yeye ana Jumamosi za kuhesabu, nami naomba moja yake iondolewe ili yangu iwe tamu.

Tukiongea kuhusu kuisubiri mechi ya ugenini, mara nyingi tunamfikiria shabiki. Hebu tumfikirie mchezaji. Mwezi Oktoba 1923, kijana aitwaye Jack Trice alilala hoteli mjini Minneapolis, usiku wa kuamkia mechi dhidi ya Minnesota. Hakuwa wa chuo chetu. Alikuwa wa Iowa State, kule Ames, mahasimu wetu wa jimbo hili hili, na ndiye mwanariadha wa kwanza Mweusi wa chuo hicho. Usiku ule aliandika barua fupi ya kujipa moyo, akijikumbusha kwamba kesho yake atabeba heshima ya watu wake, familia yake na yake mwenyewe. Siku iliyofuata aliumia mapema, akaendelea kucheza, kisha akakanyagwa vibaya. Alifariki tarehe 8 Oktoba, siku mbili baada ya mechi, akiwa na umri wa miaka 21. Barua ilipatikana mfukoni mwa koti lake. Mpaka leo watu hubishana kama alikanyagwa makusudi. Uwanja wa Iowa State unaitwa kwa jina lake tangu 1997.

Simtaji Trice ili niseme kwamba jamaa yangu wa zamu ya usiku ni muuaji. La hasha. Namtaja kwa sababu barua ile inaonyesha kitu ambacho ratiba ya mechi haionyeshi: kwamba kwa upande wa pili wa wiki hii kuna mtu anayeingoja Jumamosi kuliko sisi sote.

Miaka 11 baadaye hadithi ilifika kwetu. Ozzie Simmons, kijana Mweusi kutoka Texas, alikuwa mkimbiaji hatari wa Iowa, na mwaka 1934 Minnesota walikuja hapa Iowa City. Walimpiga vikumbo vikali kiasi kwamba alilazimika kutoka zaidi ya mara moja. Minnesota wakashinda 48 kwa 12. Watu wa Iowa waliamini alilengwa kusudi, na wengi waliamini rangi yake ilikuwa sehemu ya sababu. Mwaka uliofuata Minnesota walikuwa wanarudi hapa hapa. Wiki ya kuisubiri mechi ile ilijaa hasira. Gavana wa Iowa, Clyde Herring, alisema hadharani kwamba kama waamuzi watavumilia ukatili ule tena, mashabiki hawatauvumilia. Kule Minnesota kauli hiyo ilichukuliwa kama tishio kwa wageni.

Kilichotuliza mambo ni nguruwe. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, alimpelekea mwenzake simu ya maandishi akimtaka waweke dau: atakayeshindwa atoe nguruwe wa mashindano. Watu wakacheka. Mechi ya 1935 ikachezwa kwa amani, Minnesota wakashinda 13 kwa 6, na Herring akamkabidhi Olson nguruwe wa kweli, aliyepewa jina la Floyd. Baadaye Olson aliagiza sanamu yake ya shaba. Sanamu hiyo, Floyd of Rosedale, ina uzito wa karibu kilo 45, na mpaka leo timu hizi mbili huigombania. Ndiyo tunayoifuata Jumamosi hii.

Ukitazama kwa makini, kile mashabiki wanachokitamani kwa maneno ndicho Simmons alichofanyiwa kwa vitendo: asiwepo. Tofauti kati ya hamu na kikumbo ni kubwa, na sheria iko sahihi kuitambua. Lakini lengo ni moja. Nguruwe alisaidia kwa sababu aliwapa watu kitu kingine cha kugombania badala ya mwili wa kijana. Kejeli zilihamia kwa mnyama. Hawakuacha kutaka kushinda. Walibadilisha tu kile walichokitaka.

Kuna utetezi wa tatu, na ndio wenye nguvu zaidi. Unasema: ukitaka kitu, unataka na njia yake. Kant aliandika jambo linalokaribiana na hilo kuhusu akili ya mwanadamu. Ninataka tushinde. Tutashinda kwa urahisi zaidi kama mkimbiaji wao hayupo. Basi kusema nataka ushindi lakini sitaki akose ni unafiki wa mtu anayetaka ugali bila kusonga.

Hebu tuijaribu hoja hiyo. Kama ninachotaka ni ile tarakimu tu kwenye ubao, basi njia zote zinazoifikisha hapo zinafaa kutamaniwa. Timu yao nzima ile chakula kibovu Ijumaa usiku. Basi lao lipinduke. Sijawahi kukutana na shabiki, hata mlevi, anayeomba basi lipinduke. Kwa nini, kama tarakimu ndiyo yote? Ni kwa sababu hata yeye anajua hakutaka tarakimu. Alitaka vijana wetu wakutane na vijana wao na wawe bora. Goti lenyewe ni basi dogo. Limepinduka mtu mmoja tu ndani, basi tunaona si neno.

Kiswahili kinajua hili. Tuna neno kushinda, lakini mchezo tunauita mashindano, na wanaocheza wanashindana. Hiyo "-ana" ya mwisho, kama ya kupendana na kusalimiana, inadai watu wawili. Hakuna anayeshindana peke yake. Ukimwondoa mshindani ili ushinde, umekata tawi ulilolikalia.

Sisemi kwamba asipocheza tuukatae ushindi. Tukishinda, tutambeba nguruwe wetu na kuimba njia nzima. Majeraha ni sehemu ya mchezo na bahati huja ilivyo. Kupokea bahati si kosa. Mrithi anayepokea shamba la baba yake hana hatia, ila aliyekuwa akihesabu siku za mzee ni mtu mwingine kabisa, hata kama shamba ni lile lile na hakumgusa mzee kwa kidole.

Wenyeji pia hujaribiwa, si wageni tu. Tarehe 9 Oktoba 2021, hapa Kinnick, Iowa wakiwa nambari 3 nchini waliwakaribisha Penn State waliokuwa nambari 4. Penn State waliongoza 17 kwa 3. Kisha mrusha mpira wao mkuu, Sean Clifford, akaumia katika robo ya pili na hakurudi. Tukashinda 23 kwa 20, na watu wakamiminika uwanjani. Siku hiyo hiyo, wachezaji wa Penn State walipokuwa wakianguka, uwanja ulizomea. Wengi waliamini wanajifanya wameumia ili kupunguza kasi ya mchezo. Upande wa Penn State ulikanusha. Kutoka safu ya 60, nani anaweza kujua goti la kweli na goti la uongo?

Na uwanja huo huo ndio wenye desturi nzuri kuliko zote ninazozijua katika mchezo huu. Karibu na uwanja kuna hospitali ya watoto, na madirisha yake ya juu yanatazama ndani. Tangu 2017, robo ya kwanza inapokwisha, maelfu yote yale hugeuka na kuwapungia mkono watoto wagonjwa walio dirishani. Timu ya wageni nayo hupunga. Mashabiki wa wageni hupunga. Nimeona watu wazima wakifuta machozi kwa mikono iliyoshika bia.

Nimejiuliza sana inakuwaje midomo ileile na mikono ileile. Jibu ninaloliona ni rahisi, na halipendezi. Mtoto wa dirishani hana athari yoyote kwa matokeo. Kumhurumia hakutugharimu pointi hata moja. Mkimbiaji wa wapinzani akipona, inaweza kutugharimu mechi. Huruma yetu ni ya kweli, lakini haijapimwa mpaka ianze kutudai kitu.

Siku hizi inadai na pesa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango kwa majimbo kuhalalisha kamari ya michezo, na Iowa ikaingia mwaka uliofuata. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa kuhusu mkeka. Tunajua sura ya mtu ambaye mkeka wake umechanika kwa sababu ya timu moja. Hapa goti limekuwa habari yenye bei: anayejua mapema kwamba halijapona anajua wapi pa kuweka dola zake. Na wachezaji hupokea matusi na vitisho kwenye simu zao kutoka kwa waliopoteza dau. Mnamo Machi 2024, jimbo la Ohio lilipiga marufuku dau juu ya mchezaji mmoja mmoja wa chuo, baada ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuomba hivyo. Methali yetu ilitungwa kabla kuku hajapata simu. Leo dua lake linamfikia mwewe, tena usiku wa manane, na jina lake juu.

Nilimweleza jamaa yangu mengi ya haya zamu iliyofuata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai, akasema, "Sawa basi, apone. Lakini asipone sana." Sikupata la kumjibu, na naona amepiga hatua.

Mimi nililelewa kwenye mechi za Ingwe na K'Ogalo, AFC Leopards na Gor Mahia, na mechi hiyo tunaiita Debi ya Mashemeji. Tumerushiana maneno makali kule, na wakati mwingine zaidi ya maneno. Lakini jina lenyewe lina hekima. Shemeji ni mtu ambaye unaweza kumtania mpaka akasirike, ukatamani kumshinda katika kila kitu, na bado akiugua utaulizwa na ukoo mzima kama ulienda kumwona. Upinzani umewekwa ndani ya undugu ili usije ukala watu.

Na kwa kweli safari hii nina shemeji huko. Mke wa kaka yangu anaishi Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis, miongoni mwa Wakenya wengi waliohamia pande zile, naye ni Minnesota damu. Ameshanipigia. "Shem, mtalala kwangu nyote. Nimewawekea kuku. Lakini mkiingia na hizo fulana zenu nyeusi, mtakulia gareji." Tutaingia nazo, na tutakulia gareji.

Tukiwa ugenini, sisi ni wageni, na wageni wana wajibu wao. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, kila mjomba alipofika na kuku akachinjwa, na kila mtu akala vizuri kwa sababu yake. Sikuwahi kufikiri ingehusu goti. Lakini maneno yako wazi. Ujio wa mgeni unapaswa kumletea mwenyeji afya.

Kwa hivyo hili ndilo ninalolitamani kwa ajili ya Jumamosi, nami nalitamani nikijua linaweza kutugharimu. Apone. Apone leo, asingoje Jumapili. Jina lake lisiwe kwenye ile orodha. Akimbie kwa nguvu zake zote mbele ya watu wake, na vijana wetu wamkamate, mara ya kwanza, ya pili, na ya ishirini. Kisha tumsaidie shemeji kuosha vyombo, tuingie garini na nguruwe wetu wa shaba moyoni, na saa tano za barabara zituishie kwa kelele.